Kutoka Mguu Uliopooza hadi Kiuno Kilichochakaa: Urithi wa Fiziotherapia Jijini Kampala

Fiziotherapia jijini Kampala ilipata umbo lake kutokana na mguu wa mtoto aliyepooza, si mgongo wa mtu mzima. Makala haya yanadai kuwa asili hiyo ina somo ambalo wagonjwa wa kiuno bado hawajanufaika nalo.

Hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa mwaka 1962, polio ikiwa bado inalemaza watoto nchini. Ronald Huckstep, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyefundisha Makerere, alitambua kuwa vifaa vya kuagizwa Ulaya visingewafikia walio wengi. Kwa hiyo vyuma vya kutegemeza miguu vilitengenezwa papo hapo kwa nondo nyembamba na ngozi. Badala ya viatu ghali, mitalawanda ya mbao, ambayo seremala yeyote angeweza kuichonga. Kliniki nazo zilitoka kuwafuata wagonjwa mikoani. Utaratibu huo aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1975, wakati ambapo yeye alikwisha kuondoka na utawala wa Amin ulikuwa umezitikisa taasisi alizozitumikia.

Mwaka 2006 Uganda ilithibitishwa kuwa haina tena polio. Mgonjwa anayestahili kufikiriwa sasa ni mwingine: hamali wa soko la Owino. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hupoteza maji kadiri umri unavyosonga, zikasinyaa, na viungo vya nyuma vikabebeshwa uzito zaidi. Hamali hulipwa kwa mzigo, hivyo siku ya foleni hospitalini ni siku isiyo na ujira. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 nayo imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Yeye mwajiri wake ni nani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Haupendekezi mikanda ya kiunoni, kuvuta uti, wala mashine za mawimbi ya sauti: yaani vile vile vitu ambavyo, machoni pa wengi, ndivyo fiziotherapia yenyewe. Kinachobaki ni nafuu kuliko hata mtalawanda. Kinahitaji mtaalamu, mkeka na muda, na chaweza kufundishwa sokoni kabla malori ya alfajiri hayajaanza kupakuliwa.