Adui wa Mahema Aliyegeuzwa Mtumishi

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Minago hadi Rumonge, mchikichi ni tegemeo la wakulima wengi. Lakini kila mawese yanapokamuliwa hubaki mashada matupu, makapi ya nyuzi na maji machafu yenye mafuta. Maji hayo yakiachwa yatiririke ziwani, vijidudu huyala na kuimaliza hewa wanayoihitaji samaki wa kando ya ziwa. Hivyo zao lenyewe hugeuka madhara. Kwamba uozo huo waweza kufanywa faida, ushahidi wake mmoja ulitoka jeshini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Marekani katika visiwa vya Solomon yalikumbana na adui asiye na bunduki. Mahema, mikanda na sare za pamba zilioza upesi kwa joto na unyevu. Wataalamu wa jeshi hilo walikusanya kuvu waliokuwa wakizila, na mmoja akapewa namba QM6a. Kazi ya kwanza ilikuwa kumzuia. Lakini watafiti wa jeshi, Elwyn Reese na Mary Mandels, waligundua kwa uchunguzi wa miaka mingi kwamba kuvu huyo hutoa vimeng'enya vinavyovunja nyuzi za mimea kuwa sukari, nayo sukari hiyo huchachushwa kwa hamira ikawa alkoholi. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, maabara ya jeshi huko Natick iliijaribu njia hiyo kwa karatasi chakavu. Mwaka 1977 kuvu huyo aliitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya Reese.

Afrika Mashariki nayo imekwisha kujaribu. Katika jani la mkonge, nyuzi ni takriban sehemu 4 tu kwa 100 za uzito wake. Nyingine zilikuwa zikitupwa. Huko Hale, mkoani Tanga, mwaka 2008 kampuni ya Katani ilizindua mtambo uliochachusha taka hizo ili kupata gesi ya kuzalisha umeme.

Wananchi wa Minago si wageni katika elimu hii. Mama anayevundika mihogo ili apate ikivunde huwaongoza vijidudu kwa muda na kipimo. Maji ya mawese yakifungiwa shimoni pasipo hewa hutoa gesi ya kupikia, na masalio yake ni mbolea. Mashada ni magumu zaidi. Hayana budi kukatwakatwa na kuvundikwa kuwa mboji. Gesi hiyo ikichemshia chikichi, kuni zinazokatwa milimani hupungua.

Askari anafahamu kwamba nguvu isiyo na amri huleta fujo, na nguvu hiyo hiyo ikitiwa nidhamu huwa ulinzi. Vijidudu vitakula taka za mchikichi kwa vyovyote vile. Lililo mikononi mwa binadamu ni kuchagua mahali: ziwani wanakonywa maji watoto, au shimoni lililojengwa kwa makusudi.