Kichefuchefu cha safari: kwa nini gari, boti na hata miwani ya VR hutapisha

Msikilizaji, anayetoka Sumbawanga kwenda Wampembe anaanzia kwenye uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuishia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu mita 770. Aliyeinamia simu kwenye mteremko huo ndiye wa kwanza kuomba gari lisimame.

Chanzo si tumbo. Ndani ya sikio kuna kiungo chenye majimaji kinachopima mwendo. Ukitazama simu, sikio linasema tunayumba, macho yanasema tumetulia. Ubongo ukipata taarifa mbili zinazopingana, jasho la baridi hutoka, mate hujaa mdomoni, kisha tumbo hupanda. Dereva huchefuka mara chache kwa sababu anaiona kona kabla haijafika.

Miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha picha kana kwamba umo ndani yake, hufanya kinyume: macho yanakimbia, mwili umekaa kitini. Vijana wanaoijaribu mjini waanze wakiwa wamekaa, dakika tano hivi, kwa picha zisizo na mbio, na waivue dalili ya kwanza ikitokea. Kujikaza kunazidisha. Kizunguzungu kinaweza kubaki hata baada ya kuivua, kwa hiyo usiendeshe pikipiki hapo hapo.

Garini, kaa mbele, tazama mbali barabarani, fungua dirisha. Watoto wa miaka 2 hadi 12 na wajawazito huchefuka zaidi, wapisheni viti hivyo. Usisafiri na njaa, wala usishibe mafuta. Dagaa wa kukaanga wasubiri ufike. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Ziwani ndiko kwenye hatari kubwa. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini hulichafua ziwa. Kaa katikati ya boti, chini, ukitazama milima ya ufukweni. Anayetapika asisimame wala asiinamie ukingoni, apewe ndoo. Boti ndogo hulala upande mmoja kwa mtu mmoja tu, na aliyelegea kwa kutapika hana nguvu ya kuogelea. Jaketi okozi livaliwe tangu mnapoondoka. Kulikalia kama mto, jambo tunaloliona kila siku, hakumwokoi mtu.

Kuna dawa kama promethazini, inayomezwa kama saa moja kabla ya safari. Inaleta usingizi: dereva na nahodha wasiitumie, isichanganywe na pombe, na mtoto chini ya miaka 2 asipewe. Mjamzito aulize kwanza kliniki.

Kichefuchefu cha safari hupungua ukishashuka na kupumzika. Mtoto anayeendelea kutapika saa kadhaa baada ya kufika, au mwenye homa, msiseme ni gari. Kandokando ya ziwa malaria ipo, nayo huanza hivyo hivyo. Mpelekeni kituo cha afya akapimwe siku hiyo hiyo, huku mkimnywesha maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kidogo kidogo.