Tairi la Theluji kwenye Barabara ya Bagamoyo

Wiki hii nazungumzia tairi. Wapo watakaosema huyu bwana ameishiwa habari. Lakini kila mwenye gari la familia anayekaa Tegeta, Bunju au Mapinga anaijua hesabu hii: ada ya shule imeshalipwa, masika yanakaribia, na matairi mawili yamebaki kipara. Basi anasimama kwa muuza matairi ya mitumba kando ya barabara. Anaonyeshwa tairi nene, kashata ndefu, bei chini kabisa ya jipya. "Limetoka Japani hili, bosi, halijatumika." Hivyo ndivyo tairi lililotengenezwa kwa ajili ya theluji linavyofika kwenye mwambao ambao watu wake hawajui hata sweta ni la nini.

Si mara ya kwanza pwani hii kuletewa gurudumu la nchi nyingine. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price, aliyezoea mikokoteni ya ng'ombe ya kusini mwa Afrika, aliswaga ng'ombe wachache kutoka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, hadi Mpwapwa, akaridhika kwamba njia inafaa. Mwaka uliofuata mikokoteni yenyewe ikaletwa. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, magurudumu yakakwama, mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi, palepale ilipokuwa siku zote.

Tairi la upepo nalo lilipata hati ya ubunifu mwaka 1888, kwa jina la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast. Mwaka huohuo Abushiri bin Salim aliongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Wajerumani waliposhinda, walowezi wao wakapanda mashamba ya mpira upande wa Tanga na Morogoro, mpaka mpira wa Asia ulipovunja bei yake mwaka 1913. Kwa hiyo tulitoa utomvu wa matairi ya wengine muda mrefu kabla ya kuwa na tairi letu.

Letu lilikuja mwaka 1971, pale kiwanda cha General Tyre kilipoanza kazi Arusha. Serikali ilishika asilimia 74 ya hisa, na mbia alikuwa kampuni ya Marekani, ambayo baadaye ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani. Watu wa rika langu walikuta tairi ni mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, tairi jipya lilikuwa la kutafutwa kwa foleni na kujuana. La zamani lilitiwa viraka, likavalishwa upya, na mwisho wake likawa katambuga miguuni mwa wazee. Lakini lilikuwa tairi lililokusudiwa barabara zetu, na sitakubali mtu aseme kiwanda kile kilikuwa mzaha.

Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyoanza kulegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Baadaye yakaja magari yaliyotumika ya Japani, mengine yakiwa yamevaa matairi ya majira ya baridi, na nyuma yake makontena ya matairi matupu. Kabla ya mwaka 2010 mitambo ya Arusha ilikuwa imezimwa.

Japani ilipitisha sheria mwaka 1990 kuyaondoa matairi yenye misumari, kwa kuwa misumari ilichimbua lami na kujaza vumbi mijini. Watengenezaji wakajikita kwenye tairi lisilo na misumari, la mpira laini, lililochanjwa mistari mingi myembamba ili lishike barafu. Mpira huo umechanganywa ubaki laini hata joto likishuka chini ya nyuzi 7. Sasa ulete kwenye lami ya Kerege saa nane mchana! Unalegea, unaisha haraka, na ukikanyaga breki gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Nyumbani kwake ni tairi zuri sana. Hapa mtoto akikatiza barabara pale Zinga, hizo hatua chache za ziada ndizo jambo lote.

Kulitambua si kazi. Tazama ubavuni kama pana mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au neno "STUDLESS". Herufi M+S peke yake isikutishe, matairi mengi ya kawaida ya magari makubwa huwa nayo. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Kashata inaweza kuwa ndefu na mpira umeshazeeka, hasa kama umekaa juani miaka miwili ukisubiri mteja.

Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo heri anunue tairi jipya la jina asilolijua, la kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kuliko la jina kubwa lililotoka kwenye theluji. Bei igawe kwa miezi litakayodumu, utaona lipi rahisi.

Na kama fedha inatosha mawili tu, na mawili yaliyobaki bado yana kashata, weka mapya nyuma. Ya mbele yakianza kuteleza kwenye maji, usukani utakuambia na utapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari linageuka kabla hujajua. Fundi atakubishia. Mwache abishe, lakini ayafunge nyuma.