Misiba ya Babu, misiba yangu

Najua mlitegemea leo nilete stori za hosteli na vituko vya foleni ya chakula, lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu semina ya juzi. Naomba mnivumilie.

Somo la Historia tulikuwa tunajadili masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia. Mhadhiri akatupa kazi: kila mtu achukue tukio ambalo familia yake inalikumbuka, alilinganishe na maandishi. Wenzangu wakachukua vijiji vya ujamaa, sijui Azimio la Arusha. Mi nikasema nitaandika misiba ya wanamuziki wa Morogoro. Darasa zima likacheka! Jamaa mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa hao ulikuwa unawajua?"

Swali hilohilo bibi yangu aliniuliza mwaka 2013, ndo maana liliniuma.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Kihonda. Tarehe 28 Mei ikatangazwa kuwa Albert Mangwea amefariki Afrika Kusini, akiwa na miaka 30 tu. Kaka yangu alikuwa na albamu yake ya mwaka 2004, a.k.a. Mimi, na "Ghetto Langu" niliijua kabla sijajua kusoma. Ngwair alikulia sehemu ya utoto wake Morogoro, kwa hiyo sisi watoto wa pale tulimhesabu wa kwetu kabisa. Nikalia, nikakataa na chakula. Bibi akashangaa: "We mtoto, huyo Ngwair ulimjua wapi?"

Babu akajibu kabla yangu. "Mwache mjukuu wangu alie. Mimi sikumlilia Mbaraka?"

Mwanzoni mwa Juni Ngwair akaletwa, akazikwa hukohuko Kihonda. Babu akanishika mkono tukaenda kusimama kando ya barabara. Jamani, watu! Vijana wa bodaboda, wanafunzi na sare zao, akina mama wa genge. Babu hakuwa anajua wimbo wa Ngwair hata mmoja. Alikuja kunisindikiza msibani kwangu. Na palepale barabarani, vumbi linatimka, akaanza kunisimulia misiba yake.

Wa kwanza alikuwa Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, bendi ya palepale Morogoro. Salum alizipenda sana santuri za muziki wa Kuba, na midundo ile akaitilia Kiswahili. Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na tano. Anasema Salum alikufa kwa ajali ya gari "mwaka uliofuata baada ya Muungano", na mjini watu wakatembea wameinamisha vichwa kama wamefiwa na ndugu.

Wa pili ndo Mbaraka Mwinshehe. Huyu alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, akaja kung'ara na gitaa lake Morogoro Jazz, waliokuwa watani wa jadi wa Cuban Marimba. Mwaka 1970 akafika hadi Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Babu alisema, "Alikufa vijana wetu wakiwa vitani. Ajali tena. Kule Mombasa. Tulikuwa na misiba miwili, wa wale walioko mpakani na wa Mbaraka." Bibi alipomuuliza siku hiyo analia nini na vita vyote vile, hakujibu. Alizima redio akatoka nje.

Haya, nikaingia maktaba kulinganisha. Babu hakutaja mwaka hata mmoja, lakini tazameni: Muungano ni 1964, Salum Abdallah alifariki 1965. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mbaraka alifariki Januari 1979, katikati hapo, akiwa na miaka 34. Mzee wangu alikuwa na kalenda yake kichwani na wala haikumdanganya.

Ila sehemu moja alikosea. Siku zote alisisitiza kwamba Mbaraka alikufa akiwa mtu wa Morogoro Jazz. Maandishi yanasema aliondoka mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Mwanzoni nilitaka kulifuta hilo kwenye kazi yangu, nisimwaibishe mzee. Baadaye nikaliacha, nikaliandikia aya nzima. Maana babu si kwamba hakusikia habari za Super Volcano, kanda zao alikuwa nazo! Alikataa tu. Kwake yeye Mbaraka hakuondoka Morogoro mpaka siku alipokufa. Kitabu kinanipa tarehe ya kuondoka, lakini kosa la babu linanipa jinsi mji ulivyoumia. Hilo kwenye kitabu sikulikuta.

Kwa hiyo kwa yule jamaa wa nyuma: hapana, sikumjua Ngwair. Hakunijua pia. Ila sauti yake ilikuwepo nyumbani kwetu siku kaka anafaulu, siku anaondoka kwenda kutafuta maisha, siku umeme unakatika tunaimba wenyewe gizani. Alipokufa nililia na hizo siku zote.

Sasa kinachonikaa kooni ni hiki. Babu mwenyewe alifariki mwaka juzi. Mbaraka naweza kumsikia sasa hivi kwenye simu nikitaka, kwa sababu kuna watu walikaa studio wakamrekodi. Salum Abdallah naye yupo. Ngwair yupo. Babu hayupo popote. Miaka yote ile nilikuwa na simu mfukoni, nimerekodi mpaka vichekesho vya darasani, na sikuwahi kumwekea mzee simu mbele nikamwambia, hebu simulia tena ile ya Mbaraka. Kwenye kazi yangu, kwenye chanzo cha masimulizi, nimeandika "kumbukumbu ya mwandishi". Nilipoandika hivyo nikatoka nje ya maktaba kidogo.

Wadau, wenye babu na bibi, wikiendi hii pigeni simu. Muulizeni walimlilia nani, halafu rekodini.

Ngoja nikimbie, nina kipindi saa nane na desa lenyewe sijasoma.