WENYEJI NA WAFADHILI: MALEZI YA VIONGOZI VIJANA KATIKA NCHI YA SINGIDA

Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wa Shirika la Leipzig waliondolewa Tanganyika kwa amri ya serikali ya Kiingereza. Huko Iramba kazi yao ilikuwa bado changa, maana ilianza miaka michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hapakuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja. Walioachiwa kundi walikuwa walimu wa shule za vijijini na wasaidizi wao, ambao hawakuwa wamewekewa mikono wala kuahidiwa mshahara. Kwamba waumini walionekana bado pale wamisionari wengine walipofika, hilo ni tunda la walimu hao, ingawa vitabu vya historia vimehifadhi zaidi majina ya wageni.

Kuanzia mwaka 1926 Sinodi ya Augustana ya Marekani, ambayo washarika wake walikuwa wazao wa wahamiaji kutoka Uswidi, iliitwaa kazi ya Iramba na Unyaturu. Wamarekani hao walikuja na hospitali na zahanati, na kwa hayo wanakumbukwa hadi leo. Lakini kazi iliyozaa zaidi ilikuwa ya Kinampanda, ambako vijana walifundishwa ualimu. Mwalimu siku zile alikuwa pia kiongozi wa ibada ya Jumapili, mwandishi wa barua za kijiji na mwamuzi wa magomvi. Kumsomesha mmoja kulikuwa sawa na kufungua mtaa mzima. Fedha za washarika wa Minnesota na Illinois hazikuonekana katika jengo lolote la kijiji kile, bali katika mtu.

Vita ya Pili ilileta jaribu lile lile mahali pengine. Wajerumani walipowekwa kizuizini, Augustana walitakiwa kuangalia maeneo yaliyoachwa nchini kote, nao walikuwa wachache mno. Basi uongozi ukashikwa na wenyeji kwa lazima kabla ya kushikwa kwa haki. Mwaka 1947 chuo cha theolojia kilianzishwa Lwandai, Usambara, kikahamia Makumira mwaka 1954. Stefano Moshi alichaguliwa kuongoza Kanisa la Kaskazini mwaka 1958, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyepelekwa kusoma Ujerumani na Marekani, alichaguliwa mwaka 1977 hapo Dar es Salaam kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Waliomlipia masomo yake walingoja karibu miaka ishirini kuona matokeo hayo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika mikononi mwa Serikali, na Kinampanda hadi leo ni chuo cha ualimu cha Serikali. Wako waliolia kwamba Kanisa limenyang'anywa. Kwa kweli, walimu waliokwisha kufundishwa hawakutaifishwa; waliendelea kuimbisha kwaya na kuongoza mabaraza ya wazee. Nayo Augustana ilikwisha kuungana na wengine mwaka 1962, na chombo kilichoirithi kikaungana tena mwaka 1988, bila undugu kukatika.

Hata hivyo historia hii ina upande usiopendeza. Urafiki huo ulifika kwanza penye watu wengi na mashamba, ukachelewa kufika pembezoni. Wahadzabe wa Yaeda na Munguli ni wenyeji wa asili kuliko kabila lolote la mkoa, nao hawazidi sana elfu moja. Katika miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakusanya vijijini walime. Wengi waliugua maradhi ya kuambukiza, na waliosalia wakarudi porini. Nia ilikuwa njema, lakini hakuna aliyewauliza.

Njia nyingine ilionekana baadaye. Shirika la UCRT, lililoanzishwa mwaka 1998, lilikaa nao miaka mingi likishughulikia haki yao ya ardhi, hata mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini wakapewa hati ya kimila ya eneo lao. Kisha ukaja mradi wa hewa ya ukaa wa Carbon Tanzania. Malipo ya kuhifadhi misitu hupelekwa kwa jamii yenyewe, nao huyatumia kwa matibabu, kwa masomo ya watoto wao, na kwa posho za vijana wao walinzi wa msitu.

Rungwa nayo iko pembezoni. Ni nchi ya Wakimbu, ya asali na miti, kando ya pori la akiba lililotangazwa mwaka 1951, kwenye barabara ndefu itokayo Itigi kwenda Mbeya. Kijana wa hapa anayetaka kuwa mchungaji, kwa utaratibu uliozoeleka, husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya juu, ndipo aanze theolojia. Ada ya shule za Serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini nauli, sare, godoro na chakula cha bweni havikufutwa. Ufadhili wa miaka mitatu, ambao ndio muda upendwao na wafadhili wengi, haumfikishi hata mtihani wa kidato cha nne. Wageni wa Dayosisi watakaosoma ukurasa huu wakitaka kujua usharika wa pembezoni unahitaji nini, na waanze kwa kuuliza majina ya watoto walioko darasa la saba mwaka huu.