Kivoi Alikufaje? Tuulize Kabla ya Kuamini



Mwezi huu tunasoma Qur'an kwa wingi. Ukifika Suratul Hujurat, hebu tua kidogo kwenye aya ya 6. Hapo Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuchunguze habari tunayoletewa na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Maulamaa wa hadithi nao walimuuliza kila mpokezi: umesikia kwa nani? Adabu hii yatufaa hata kwenye historia.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Ukambani. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na misafara yake ya pembe ilifika Mombasa. Mwaka 1849 alimkaribisha Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai. Mwaka 1851 wakafuatana kwenda mto Tana. Njiani wakavamiwa. Kivoi akauawa, Krapf akanusurika.

Tunayajua haya kwa kalamu ya Krapf mwenyewe, katika kitabu kilichotoka kwa Kijerumani 1858 na kwa Kiingereza 1860. Anasema alipiga bunduki hewani kwa kuwa hakutaka kumwaga damu. Aliporudi, jamaa za Kivoi walimlaumu kwamba hakumwokoa mwenyeji wake, naye akatoroka usiku.

Umeona, ndugu yangu? Anayesimulia ndiye anayelaumiwa! Basi tumwite mwongo kwa kuwa si wa dini yetu? La hasha. Alikuwepo, na lawama ile angeweza kuificha, lakini ameiandika. Tumpe haki yake. Ila tukumbuke kwamba kitabu hiki kinatupa maneno ya jamaa za Kivoi kupitia mdomo wa mtu waliyemshtaki. Kadhi gani anahukumu kwa kusikiza upande mmoja?

Kwa hivyo ukisoma habari yoyote ya kale, jiulize: Mwandishi alikuwepo, ama aliambiwa? Aliandika lini? Alimwandikia nani? Na nani hakupewa nafasi ya kusema?

Maswali hayo si ya Wazungu peke yao. Mzee wa hapa Mbumbuni akikueleza jinsi Uislamu ulivyofika kwenu, muulize kwa heshima: uliona mwenyewe, ama ulihadithiwa na nani? Andika jibu lake, jina lake na tarehe.

Jamaa za Kivoi hawakupata wa kuwaandikia. Wazee wetu wanaye: wewe. Leo baada ya kufuturu, chukua daftari ukae na nyanya yako.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.