Mashine Iliyomfuata Mwimbaji

Katika miaka ya 1950 na 1960, mfanyakazi wa Japani aliyetaka kuimba baada ya kazi alimhitaji mtu wa kumpigia muziki. Vichochoro vya baa vya Tokyo na Osaka vilikuwa na watu wa kazi hiyo, walioitwa nagashi. Walibeba gitaa au akodioni, wakaingia baa moja na kutoka nyingine hadi usiku wa manane, na mteja aliwalipa kwa nyimbo kadhaa. Kitajima Saburo, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa enka, nyimbo za Kijapani za hisia, alipitia maisha hayo katika mtaa wa Shibuya kabla ya kutoa santuri yake ya kwanza mwaka 1962. Mtunzi Endo Minoru naye aliwahi kulala njaa akiifanya kazi hiyo hiyo.

Ustadi wa nagashi ulikuwa masikioni kuliko vidoleni. Mbele yake alisimama mwanamume wa miaka hamsini, tai imelegea, sake imemwingia, sauti haipandi tena kama ya ujanani. Mpigaji alimsikiliza kwa mstari mmoja tu, akajua ashushe wapi. Mwimbaji akichelewa, gitaa lilimsubiri. Akiruka ubeti, gitaa liliruka naye. Wimbo mwepesi kwa mtu wa makamo ulitengenezwa papo hapo, kwa kipimo cha koo lake.

Ujuzi huo ndio uliozaa karaoke kama tunavyoijua. Wa kwanza kuunda mashine alikuwa Negishi Shigeichi wa Tokyo, mwenye kiwanda cha vifaa vya elektroniki, aliyetengeneza Sparko Box mwaka 1967. Lakini habari ya nyimbo rahisi inaanzia Kobe, kwa Inoue Daisuke, mwanamuziki wa vilabu aliyepiga kinanda kwa kusikiliza na kuwafuata wateja wake popote sauti zao zilipokwenda. Mkurugenzi wa kampuni ndogo, mteja wake wa kila mara, alikuwa anasafiri na alijua kwamba jioni wenzake wangemtaka aimbe. Alimwomba Inoue afuatane naye, maana hakuwa na imani na mpigaji mwingine. Inoue hakuweza kwenda. Akamrekodia muziki mtupu kwenye kanda, katika kiwango cha sauti ambacho mkurugenzi yule alikimudu. Mtu yule aliporudi, alitaka kanda nyingine.

Mwaka 1971 Inoue alikodisha mashine zake za kwanza 11 kwa baa za Kobe. Aliziita 8 Juke. Ndani yake mlikuwa na kicheza kanda cha aina iliyotumika kwenye magari, kikuza sauti, maikrofoni na tundu la sarafu za yeni 100. Hakuchukua hataza, na utajiri uliofuata ulikwenda zaidi kwa wengine. Jambo lake kubwa zaidi, ambalo husahaulika watu wanapozungumzia mashine, ni muziki uliokuwa kwenye zile kanda. Haukuwa nakala ya santuri za waimbaji mashuhuri. Ulipigwa upya kwa ajili ya watu wa kawaida, ukashushwa hadi pale sauti zao zilipofika. Mtu hujikuna ajipatapo, na Inoue aliwasogezea mgongo.

Kushusha huko kulipaswa kufanywa mapema, kwa sababu kanda haikubali kubadilishwa njiani. Ukiipunguza mwendo ili sauti ishuke, wimbo wote unaburura miguu. Kwa hiyo miaka ile, aliyechagua kiwango cha sauti ni mrekodi, na mteja alichagua wimbo tu. Uchaguzi huo ulikuwa na uzito wake.

Bahati ni kwamba hazina ya nyimbo rahisi kuimba ilikuwa imeandaliwa kwa karibu karne nzima. Mwaka 1880 serikali ya Meiji ilimleta mwalimu wa muziki Luther Whiting Mason kutoka Boston, akafanya kazi na Isawa Shuji kuandaa nyimbo za shule. Kitabu chao cha kwanza kina tarehe ya 1881. Ndani yake mna "Hotaru no Hikari", wenye mahadhi ya Kiskoti yanayotumia noti tano tu. Ngazi ya namna hiyo, yenye noti saba zilizopunguzwa ya nne na ya saba, ilizikaa vizuri sauti za watoto wa Japani, na watunzi wa nyimbo za shule wakaishikilia. Faida yake kwa mwimbaji asiye na mafunzo ni kubwa. Katika ngazi ya kawaida ya Kizungu, hatua fupi za nusu toni ziko kwenye noti hizo mbili, na hapo ndipo sauti isiyo na mazoezi huteleza. Zikiondolewa, kila hatua ina nafasi ya kukanyagwa.

"Kitaguni no Haru" wa mwaka 1977 umejengwa juu ya ngazi hiyo. Aliuimba Sen Masao; aliyeutunga ni Endo Minoru, yule yule wa vichochoroni. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea, sentensi ni fupi, pumzi inapatikana mwisho wa kila mstari, na habari yake ni ya mtu wa mjini anayekumbuka majira ya kuchipua kwao kaskazini. Mtu aliyewahi kumpigia mlevi gitaa alijua pumzi ya mlevi inaishia wapi. Wimbo ulivuka bahari ukaimbwa Taiwan na China pia, na kwa vizazi viwili umekuwa kimbilio la wanaume wenye sauti ya kawaida.

Umri wa wimbo, hata hivyo, si dalili ya wepesi wake. Enka nyingi za huzuni hutumia ngazi ya noti tano iliyobaki na nusu toni zake, na juu ya hizo mwimbaji anatakiwa kutia kobushi, ile mitetemo midogo ya koo. "Tsugaru Kaikyo Fuyugeshiki" wa Ishikawa Sayuri, pia wa 1977, umewaaibisha wengi walioutamani. "Kawa no Nagare no Yo ni", uliotolewa Januari 1989, miezi michache kabla ya mwimbaji wake, Misora Hibari, kufariki, ni mtego wa aina nyingine: beti zinaanza chini kwa upole, kisha kiitikio kinapaa ghafla. Anayeshusha wimbo ili afike juu hujikuta hana sauti ya kuanzia.

Katika baa ndogo ziitwazo sunakku, mwenye baa, ambaye wateja humwita mama, ndiye aliyekuwa mshauri wa mambo haya. Alijua nani apewe nyimbo za Ishihara Yujiro, aliyeimba chini kwa sauti karibu na ya mazungumzo. Mgeni mwenye haya alipewa wimbo wa watu wawili, hasa "Ginza no Koi no Monogatari" wa 1961, ili mzigo ugawanywe na aibu pia.

Mwaka 1982 kampuni ya Pioneer ilileta karaoke ya sahani za leza. Mwaka 1985, huko Okayama, kontena la mizigo liligeuzwa chumba cha kuimbia, na vijana wakaingia katika starehe iliyokuwa ya wazee wa baa. Badiliko kubwa zaidi kwa koo la mtu lilikuja mwaka 1992, nyimbo zilipoanza kutumwa kwa laini za simu zikiwa maelekezo ya noti badala ya sauti iliyorekodiwa. Kushusha wimbo kukawa suala la kubadilisha namba tu. Mwendo unabaki ule ule, na kitufe cha kupanda na kushuka kimo mkononi mwa mwimbaji mwenyewe.

Kitufe hicho kilifika wakati mwafaka. Muongo wa 1990 ulikuwa wa sauti za juu: mtunzi Komuro Tetsuya akiwatungia waimbaji kama Amuro Namie, na bendi ya Spitz ikivuma na "Robinson" mwaka 1995, kwa sauti nyembamba ya kiume ambayo hata kijana huikimbiza. Waliokuwa na miaka ishirini wakati ule sasa wamekaribia hamsini au wameivuka. Kwa umri huo noti za juu huwa za kwanza kuondoka, na sauti za wanawake wengi hushuka baada ya kukoma hedhi. Hawataki enka za baba zao. Wanataka nyimbo zao wenyewe. Baadhi hukimbilia "Nagori Yuki" wa Iruka, wa mwaka 1975, ambao haumtaki mtu apae sana. Wengine huita "Robinson" ule ule, wakabonyeza chini mara tatu au nne kabla ya mstari wa kwanza.